Hema la Kukinga Mvua

Umazi mwanangu,

Mambo ya kupiga simu ukifika, ya kutolala na njaa, ya kuangalia unakoweka kitambulisho, nimekwisha kukwambia mpaka umechoka kuitikia. Barua hii ni ya jambo jingine. Juzi ulipokuwa ukikunja nguo uliniuliza, "Mama, kwani baba hataki niende?" Nami nikakujibu kwamba babako amechoka na kazi. Lile halikuwa jibu. Naandika alasiri hii, wewe umekwenda kuwaaga akina Nzingo na babako yuko zizini, ili nikupe jibu lenyewe. Isome ukifika chuoni huko bara. Ukiisoma hapa utanikatiza kwa maswali nisiweze kumaliza.

Unakumbuka kwamba uliwahi kukaa kwetu Jego kwa mjomba wako, ulipokuwa umeng'oka meno ya mbele. Wakumbuka samaki wabichi, na wajua watu husema tulikupeleka huko kwa sababu ya ukame. Ukame ulikuwapo, lakini sio uliokupeleka.

Nianze nilipotoka. Mimi nilizaliwa penye maji. Jego ukichimba kidogo tu unayafikia, na bibi zangu walipanda mpunga. Nilipoolewa na babako nikaletwa huku nyikani, ambako mtu huamka kabla ya jogoo kwenda silanga, lile bwawa la kuchimba, kuteka maji ambayo ng'ombe nao wameyaingia. Mwaka wa kwanza nilipanda kunde, na siku moja saa sita mchana nikazikuta zimesimamisha majani, yametazama jua kwa ukingo badala ya uso, kama mtu aliyejipa ubavu akikwepa kupigwa. Nikakimbia kwa mkwe wangu, Mzee Mwero, yule ambaye nyinyi wajukuu mlimwita Tsawe, nikamwambia, "Baba, kunde zinakufa!" Akaniambia, "Ni jua hilo," akaendelea kusuka kamba yake. Jioni majani yakarudi kama yalivyokuwa. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui, hajapata kuuliza. Nami swali lile likanikaa.

Ndiyo maana alipokuja Wanza nikamkubalia haraka. Wanza alikuwa msichana wa Ukambani, mtafiti wa mimea, mwembamba, mwenye kofia kubwa, anayesema Kiswahili cha bara cha kukimbia. Alikuwa akitafuta shamba la kupandia kunde, pojo, mbaazi na maharagwe, apate kujua kila mmea hufanya nini na maji yake pale ardhi inapokauka. Babako alikuwa Diani, kwenye bustani za hoteli, anarudi nyumbani mara moja moja. Nilimwambia kwa simu, akasema, "Ukiona sawa, sawa." Tsawe naye akasema shamba ni letu sote, tufanye tunavyojua. Nikampa Wanza kipande cha chini, kilicho karibu na njia ya kwenda silanga.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo palipoharibika. Kama unataka kujua mmea hufanya nini kwenye ukame, huwezi kukaa ukiombea ukame uje. Inakupasa kuutengeneza. Basi Wanza akaleta mafundi, wakachimbia nguzo, wakatandaza juu yake nailoni nyeupe pana, pembeni pako wazi upepo upite. Chini yake mimea ilipata maji kwa kipimo, na mingine ikanyimwa kabisa, na kazi ya ile nailoni ilikuwa kwamba mvua ikinyesha isiiguse. Kipande kingine kando kikaachwa wazi bila paa, cha kulinganishia.

Wiki ile ile, Mama Nzingo, jirani yetu, alinikuta silanga. Akauliza, "Hilo hema shambani kwenu ni la nini?"

Nikamjibu, "La kukinga mvua."

"Mvua ipi?"

"Hii isiyokuja," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Mbuzi wake walikuwa wameanza kufa. Ningaliweza kutua ndoo nikamweleza kwa utaratibu. Nilikuwa na haraka, na nilijiona nimesema jambo la kuchekesha. Nikajitwika maji yangu nikaondoka.

Ile kazi niliipenda, Umazi, na nataka ulijue hilo nalo. Kila siku mchana nilishuka na Wanza tukipiga magoti kati ya mistari. Alikuwa na kifaa kidogo cha kubana jani, ambacho humwambia maji yanatoka kwenye jani kwa kasi gani. Yeye akisoma, mimi nikiandika. Akanieleza kwamba chini ya jani mna vitundu vidogo mno, macho hayavioni, na kila kimoja kina midomo miwili ya kufumba na kufumbua. Humo ndimo jani linamovuta hewa ya kujitengenezea chakula, na humo humo ndimo maji yanamotoka. Haliwezi kupata hili bila kutoa lile.

Basi kila mmea una tabia yake. Kunde hufumba mapema, ardhi ingali na unyevu, kama mama anayefunika mtungi kabla maji hayajafika nusu. Pojo hugeuza majani nayo, kulikwepa jua. Mbaazi hupeleka mizizi chini sana, kwa hiyo asubuhi zilifumbua, mchana zikafumba, zikaenda hivyo hivyo siku nyingi. Ile aina ya maharagwe tuliyoipanda ilichelewa kufumba. Ilisimama imenawiri, majani wazi, ukiipita unaisifu. Siku ilipolala chini ililala moja kwa moja.

Baadaye hata kifaa sikukihitaji sana ili kujua lipi ni lipi. Jani lililo wazi ni baridi ukilishika hata saa saba ya jua kali, kwa sababu maji yanayotoka hulipoza kama jasho linavyompoza mtu. Lililofumba ni la moto. Nilizisifu kunde kwa Wanza, naye akanikanya. "Usizisifu sana, mama. Hizi zikifunga hazikauki, ni kweli, lakini chakula nayo hazipati. Zikikaa hivyo muda mrefu zitakufa njaa."

Mawingu yakaja msimu ule. Yalikusanyika upande wa bahari, yakapanda mpaka juu yetu, yakapita. Yakarudi tena, yakapita. Watu walikuwa wakisimama nje kuyatazama, na kila aliyeyafuata kwa macho alilikuta lile hema jeupe limekaa chini yake. Mimi sikuliona hivyo. Nilikuwa nikitazama majani.

Asubuhi moja Mama Nzingo akaja kwa mlango wa nyuma, kanga ameivuta usoni. Hakuketi. Akasema, "Mama Umazi, watu wanasema mkweo amefunga mvua."

Nikamwambia, "Nani anasema?"

"Usiulize nani. Uliza nani hasemi. Wanasema yeye ni mzee, ameona mengi, na yule msichana wa bara alikuja kuchukua dawa kwake. Wanasema hema ni ushahidi. Na wewe mwenyewe uliniambia ni la kukinga mvua."

Unajua huku kwetu mzee akishaitwa mchawi hahitaji kushitakiwa mara ya pili. Mvi zinatosha, na macho mekundu ya moshi yanatosha. Mjomba wako alikuwa amekuja kutuletea mchele na samaki wakavu, na asubuhi ile ile nikakupandisha kwenye pikipiki yake ukaenda Jego. Ulilia, ukitaka uende na kile kibuzi chako cheusi. Nilikupa jibu la uongo, kwamba kitafuata. Tsawe nilimsihi aende pamoja nanyi, akakataa. Akasema mtu akikimbia bila kufukuzwa amejihukumu.

Walikuja mchana. Sikuwahesabu. Walijaa uwanja, wengi wao nawajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Aliyesema kwa sauti alikuwa Mwangala, kijana wa mtaa wa juu, ambaye baba yake na Tsawe walichunga pamoja. Tsawe alikuwa ameketi mlangoni na kamba yake ya katani mikononi.

Mwangala akasema, "Mzee, shikamoo. Tumekuja utufungulie mvua."

Hata siku ile, Umazi, salamu haikusahauliwa.

"Marahaba. Mvua sikuifunga mimi."

"Na lile hema ni la nani?"

Wanza akaruka mbele, kofia mkononi. "Ni yangu! Jamani, ni utafiti, ni ya kusoma mimea tu!"

"Wewe mgeni, kaa kando. Tunazungumza na wenyewe."

Nikaona hapo ndipo pangu pa kusema. Nikawaambia waje shambani waone kwa macho yao, na wachache wakanifuata, Mama Nzingo akiwamo. Nikamshika mkono nikauweka juu ya jani la mbaazi iliyokuwa ikipewa maji. "Lina baridi?" Akasema lina baridi. Nikauhamishia kwenye kunde iliyonyimwa. "Na hili?"

"Hili lina moto."

"Unaona? Hili limefunga. Ndiyo kazi tunayoitazama hapa, namna majani yanavyofunga maji."

Neno halijatua, nikasikia sauti nyuma yangu: "Mnasikia? Amekiri. Wanafunga maji!" Likapita mdomo kwa mdomo mpaka uwanjani. Wanafunga maji. Mke wa mwanawe amesema kwa kinywa chake. Nilijaribu kulivuta neno nikashindwa. Nilikuwa nimelitamka shambani kila siku, mimi na Wanza, na haikunijia hata mara moja kwamba masikioni mwa jirani zangu lina maana nyingine, ya kale kuliko yangu.

Waliporudi uwanjani walikuwa kama watu wengine. Mmoja alishika jiwe. Tsawe akaweka kamba chini, akasema polepole, kama anayeuliza bei sokoni, "Nikikubali nitakuwa mwongo. Nikikataa nitakuwa maiti. Basi nichagulieni nyinyi."

Nikachukua panga penye kuni, nikateremka shambani mbio, nikaanza kukata kamba za hema. Wanza alinifuata akilia, "Mama, usifanye hivyo! Mama, tafadhali, bado kidogo tumalize!" Nilimsikia vizuri. Nilijua ni kazi yake ya masomo yote, na kwamba mimea ile ikiloweshwa au ikikanyagwa hakuna tena cha kupima. Nikakata. Nailoni ikaanguka upande mmoja, na watu walipoiona inaanguka wote wakateremka, wakairarua, wakang'oa nguzo, wengine wakipiga vigelegele. Katika vurugu ile Mama Nzingo alimtoa Tsawe kwa nyuma, akampitisha nyumbani kwake, na mwanawe mkubwa akamweka kwenye pikipiki mpaka Jego. Nilikuja kulijua hilo jua likizama. Mpaka hapo nilidhani wale watu wamemchukua.

Nilifikiri yamekwisha. Atakaa Jego kidogo, watu watapoa, atarudi kwenye mbuzi wake.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha.

Ilinyesha mvua ya haki, iliyojaza silanga na kuangusha ukuta wa jiko letu. Watoto walitoka wakaoga nayo. Mimi nilisimama mlangoni nikiitazama, na nilijua, kabla mtu hajaniambia, kwamba Tsawe hatarudi tena kuishi hapa. Walikuwa wametaka hema lishuke, limeshuka, na mvua imekuja. Nani angewaambia kitu? Mvua niliyoiomba kwenye swala zangu zote tano ndiyo iliyomhukumu.

Babako alikuja toka Diani matope yakiwa yangali mabichi. Kule alikokuwa, kazi yake ya asubuhi ilikuwa kumwagilia nyasi za wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupaza sauti. Kisha akasema, "Wewe ulitaka kujua majani yanavyofunga. Sasa babangu amefungiwa kijiji chake." Hajalirudia neno hilo tangu siku ile, na mimi sijalisahau. Hivyo basi, anapokuona unakwenda kusoma mimea, haoni chuo. Anaona nailoni nyeupe.

Wanza, aliyeondoka baada ya hema kuanguka, alirudi. Sikumtarajia. Alisimama katikati ya shamba lake, vipande vya nailoni vimenasa kwenye miiba. Maharagwe yaliyonyimwa maji yalikuwa yamekauka kabisa, mvua ilinyeshea vijiti. Lakini zile kunde zilizosimama siku zote zile zimefumba, watu wasizozikanyaga, zilikuwa zimelaza majani tena. Akainama, akalibana moja kwa kifaa chake, akasoma. "Zimefungua," akasema, na ndipo akalia. Tukapiga magoti tukaendelea kupima. Haikuwa ile kazi aliyoipanga, lakini alipata kujua mmea ulioteswa hurudije maji yakija, na mara ya pili alikuja kupanda kwa ajili ya hilo tu.

Siku ile aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia watu wanasema nini?"

Nikamwambia, "Nilikuwa sijui mpaka asubuhi ile. Na wewe, kwa nini hukuuliza majirani kabla ya kuchimbia nguzo?"

Akasema chifu alikuwa amemkubalia. Nikamwambia tukienda kuteka maji hatupiti kwa chifu, tunapita hapa shambani. Alipokuja mara ile nyingine, alikaa kwanza siku nzima kwenye mikeka ya watu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa wasio na shamba. Mimi nilikaa naye. Tukatafuta neno jingine, tukasema majani "yanafumba," kama macho. Hakuna aliyelishika vibaya.

Kunde zile zilizaa. Mama Nzingo alikuja kuomba mbegu, nikampa kikapu, na ningempa ghala kama ningekuwa nalo. Mwangala naye akaja. Nilimwambia, "Kaiombe mvua." Akaondoka. Msimu wa pili akaja mkewe na mtoto kiunoni, akaketi nje bila kuomba chochote, mpaka nikaona haya nikamfungia mbegu katika kanga. Sikumsamehe mtu siku ile. Nilitoa mbegu tu. Nakwambia ilivyokuwa, si ilivyopasa kuwa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo sikwenda kwa watu. Harusi sikwenda, matanga nilipeleka salamu. Nilisalimika na maneno yao, ni kweli, lakini nilikonda kwa upweke, na wewe uliporudi kutoka Jego ulinikuta mama mkali usiyemjua. Wewe ndiwe uliyenitoa nje, kwa sababu ulikuwa huishi kwenda kucheza na Nzingo, nami nikawa sina budi kuja kukuchukua.

Tsawe alifariki Jego, kwenye nyumba ya ndugu zangu, watu wa dini isiyokuwa yake, waliomhudumia kama wa kwao. Ulikuwa umekua kidogo, unakumbuka alivyoletwa kuzikwa. Labda hukuona hili. Njia ilikuwa ya utelezi, na waliobeba jeneza walichoka kabla ya kupanda huku juu. Mwangala akatoka kati ya watu akaja kusimama upande wa kichwa, mahali alipokuwa babako. Wakatazamana. Nilidhani patazuka jambo mbele ya maiti. Babako akamwachia bega. Walipokezana hivyo mpaka kaburini.

Sikuandikii haya ili usiende. Nenda. Utakuja kuingia katika mashamba ya watu ukiwa na vifaa vya kupimia, nawe utakuwa na haraka, na utakuwa unajua jambo ambalo wao hawalijui. Kaa nao kwanza. Ukiulizwa hili ni la nini, tua ndoo. Zaidi ya hayo sina, na haya yenyewe niliyapata kwa njia nisiyomtakia mtu.

Leo baada ya adhuhuri nilikuwa nikichambua mchele. Babako akaja akaketi karibu nami, jambo asilolifanya mchana. Kisha akasema, "Yale majani yenu."

Nikasema, "Naam."

"Yakishafunga siku zote hizo, hujuaje kwamba sasa ni salama kufungua?"

Tangu siku ile ya hema hajawahi kuniuliza neno juu ya mmea wowote. Nilimwambia kweli, kwamba sijui, kwamba sikupata kumuuliza Wanza. Akatikisa kichwa, akainuka, akajifuta suruali. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Basi muulize mtoto, akishasoma."

Kwa hiyo nakuuliza, Umazi. Ukishajua, usiniandikie mimi. Mpigie babako.

Mola akutangulie, akulinde ulalapo na uamkapo.

Mimi mamako,
Mwanakombo